Mashuka Yasiyotiwa Alama

Mke wangu alikuwa dobi wa hospitali. Alifua mashuka ya wagonjwa miaka thelathini na mmoja. Huu ni mwaka wa pili tangu afariki. Binti yetu amesema niandike habari zake, niziandike kama ninavyozungumza. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nitaandika yaliyotokea.

Wenzake walimwita Mama Buluu, kwa sababu ya ile buluu inayotiwa kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe iwe nyeupe kweli. Ilimwingia kwenye kucha ikakaa. Hata siku tuliyooana kucha zake zilikuwa za buluu. Shangazi yangu alinivuta pembeni akaniuliza kama bibi harusi ana ugonjwa wa moyo. Nikamwambia hapana, ana kazi.

Mimi nilikuwa mchochea boila katika hospitali hiyohiyo. Kati ya boila na chumba cha kufulia palikuwa na ukuta mnene, na bomba moja lililopita ukutani. Maji yakipoa, dobi aligonga bomba kwa ubao. Wengine waligonga kama wanaodai. Mmoja aligonga kama anayebisha hodi. Mwezi wa tatu tangu nianze kazi niliuzunguka ukuta nikaenda kumwona huyo anayebisha. Alikuwa amezama kwenye beseni hadi viwiko. Hakugeuka.

"Umechelewa," akasema. "Maji yameshapoa."

Ndivyo tulivyoanza.

Watu wakiingia wodini hutazama uso wa mgonjwa. Mke wangu alitazama kilicho chini yake. Angeweza kulishika shuka amefumba macho akakwambia limetoka wodi gani, na aliyelilalia ana hali gani. Siku moja alipanda ngazi na shuka mkononi, akamwendea muuguzi mkuu akamwambia, "Kitanda cha nne, mgonjwa hageuzwi." Aliambiwa arudi kwenye mabeseni yake. Akarudi. Lakini kesho yake waliona ni kweli, mgonjwa alikuwa ameanza vidonda vya mgongo, wakaanza kumgeuza. Yule mgonjwa alitoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Hakumjua dobi, na mke wangu naye hakuwahi kumwona. Niliposikia habari ile nilisahau kuchochea moto wa boila hadi bomba likagongwa. Nilikuwa nimeoa mtu wa namna gani?

Shuka huanza kufa katikati, pale mgongo unapolala. Pembeni hubaki zima. Kwa hiyo madobi hulikata shuka lililochakaa kwa urefu, wakazileta kingo zile nzima katikati, wakaziunga. Linakuwa shuka tena, ila lina mshono katikati kuanzia kichwani hadi miguuni. Likichakaa la namna hiyo nalo, hospitali hulifuta kwenye daftari, na lililofutwa huruhusiwa mfanyakazi kulichukua. Nyumbani kwetu hatukuwahi kulalia shuka la aina nyingine. Watoto wetu wanne walikulia juu ya mshono.

Alipostaafu, hospitali ilimpa jora la kitambaa cheupe, pamba nzito, jipya, bado limefungwa karatasi ya kiwandani. Alilitia kwenye sanduku la bati. Nilipomwambia tushone mashuka, alisema, "Bado." Miaka sita alisema bado. Mara nyingine nilimkuta amefungua sanduku, ameweka kiganja juu ya lile jora, ametulia tu. Mtu aliyeshika mashuka maelfu, hakuwa amelalia jipya hata moja.

Kisha akaugua. Ilianza tumboni. Daktari alinieleza pembeni kwamba kilichobaki ni kumtunza, na kwamba nyumbani ni pazuri kuliko wodini. Nikamrudisha nyumbani. Alikonda. Nilikuwa nikimwogesha mwenyewe asubuhi na jioni, na siku moja nilipomgeuza niliona alama mgongoni mwake. Mstari mwekundu, umenyooka, kutoka shingoni kwenda chini. Ulikuwa mshono wa shuka. Nyama ilikuwa imeisha, mfupa ulikuwa juu ya mshono.

Sikumwambia. Nilimfunika nikatoka nje, nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Jioni ile nikamwambia, "Mama, lile jora sasa."

Safari hii hakusema bado. Alisema, "Haya. Jumatatu mwite Pasi aje na cherehani."

Pasi ni mwenzake wa kazi, yule aliyekuwa upande wa kupiga pasi. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka katika dunia yote, mke wangu alale juu ya shuka jipya kabla hajaondoka.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili televisheni ikaleta mambo yake.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni kinyozi. Kila Jumapili huja kuninyoa ndevu na kumtazama dada yake. Siku hiyo alinikalisha karibu na mlango, mke wangu yuko kitandani, televisheni imewashwa. Palikuwa na kipindi cha kuchangia. Kilianza asubuhi, kingeisha usiku. Mtangazaji wa kike anakaribisha, waimbaji wanaimba, wakubwa wanatoa ahadi, chini ya kioo namba ya simu inapita na kurudi. Walikuwa wakichangia nchi moja ya ng'ambo, mbali sana, jina lake sikuwa nimelisikia kabla. Ardhi ilikuwa imetetemeka, mji mzima umelala chini.

"Hii nayo ni mpya," shemeji akasema, wembe uko shingoni mwangu. "Tangu nizaliwe misaada inatoka ng'ambo kuja huku. Leo inatoka huku kwenda ng'ambo?"

"Tetemeko halikuuliza nani huwa anatoa," mke wangu akasema.

"Dada, hapa mtaani tu, yule jirani wa nyuma ana bati linavuja tangu mwaka juzi. Hajachangiwa hata msumari."

"Umempelekea wewe?"

"Mimi kinyozi."

"Kwani msumari unauliza?"

Nilicheka, na wembe ukanigusa kidogo. Shemeji akanifuta damu kwa kidole. "Na tena," akasema, "hizo fedha hazifiki. Zinaishia njiani. Watu wananenepa ofisini."

Mke wangu alikuwa ameinua kichwa. Kwenye kioo walionyesha hospitali ya mahema. Mwimbaji alikuwa akipita katikati ya vitanda na machozi machoni, na watu wote, nadhani, walimtazama yeye. Mke wangu alitazama vitanda.

"Hawana mashuka," akasema.

Niliangalia. Ilikuwa kweli. Wagonjwa walilala juu ya magodoro ya mpira, matupu.

"Yule mama wa tatu," akasema, "mpira umeshamshika ngozi. Wakimwinua utabaki na ngozi yake. Wamempelekea dawa, maji, chakula. Hakuna aliyetazama chini yake."

Picha ilikaa kidogo tu, ikaondoka. Mimi nilikuwa nimeona mahema na watu. Yeye akiwa kitandani, macho yamezama, alikuwa amesoma ngozi ya mwanamke aliye upande wa pili wa dunia, kama alivyokuwa akisoma kitanda cha nne.

Akasema nimpe simu. Akabonyeza ile namba, polepole, akiisoma kwenye kioo kila inapopita. Aliweka sauti ya juu kwa sababu mkono ulichoka kuishika sikioni, kwa hiyo sote tulisikia.

"Karibu sana mama," sauti ya binti ikasema. "Unachangia kiasi gani?"

"Mashuka."

"Samahani?"

"Mashuka, mwanangu. Ya kulalia."

"Mama, kwa simu tunapokea fedha."

"Hilo nalijua. Sina fedha. Nina kitambaa. Na nimeona watu wenu wanalala juu ya mpira. Mpira unachuna ngozi. Andika hapo: mpira unachuna ngozi."

Tukasikia kalamu. Nasema kweli, tulisikia kalamu.

"Nimeandika, mama. Usikate." Tulisikia muziki, kisha akarudi. Alisema vitu vitapokelewa Jumamosi katika ukumbi wa manispaa wa kila mji. Viwe vipya na visafi. Lori litaondoka saa sita mchana.

"Nimeshukuru," mke wangu akasema. "Umekula leo? Sauti yako ina njaa."

Alipokata simu, shemeji alikuwa amesimama na wembe hewani. "Mtu anapiga simu televisheni," akasema, "kutoa matandiko."

Mimi sikucheka tena. Nilikuwa nimeelewa kitambaa ni kipi.

Shemeji alipoondoka nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nyumba hii ina mgonjwa mmoja," nikamwambia. "Na lile jora ni lake."

"Ni langu?"

"Ni lako. Nani mwingine?"

"Basi nimeshaamua, Mzee wa Moto."

Hivyo ndivyo alivyoniita tangu enzi za boila. Nilijua nimeingia mtegoni kwa miguu yangu mwenyewe. Nikasema neno ambalo sikutaka kulisema. Nilimwambia kuhusu ule mstari mgongoni mwake. Nilimwambia mshono unamkata.

"Najua," akasema. "Nauhisi. Ndiyo maana niliwaona wale."

Nikaenda kulifungua sanduku la bati.

Jumatatu Pasi alikuja na cherehani, na mwenzao wa tatu, ambaye kwa kuwa alisimamia mashine ya kukamulia walimwita Mkamuaji. Chumba kilijaa. Mke wangu aliegemea mito akatoa amri. Upindo wa juu na wa chini uwe sawa, ili shuka liweze kugeuzwa kichwa kuwa miguu, lichakae polepole. Upindo ushonwe mara mbili. Urefu uweze kukunjwa chini ya godoro, maana shuka lisilokunjwa hujikusanya, na mkunjo mmoja chini ya mgonjwa ni kisu. Jora lilitoa mashuka kumi na sita.

Jumanne nilimfuata Pasi nje, alipokwenda kumwaga maji. "Pasi," nikamwambia, "ukipunguza kidogo kila shuka, shibiri moja tu, si litapatikana la kumi na saba?"

Pasi alinitazama na ndoo mkononi. "Unataka nimwibie Buluu kitambaa? Mtu anayejua shuka limepungua kwa kulishika tu? Nenda kamwibie wewe."

"Anakatwa mgongo, Pasi."

Uso wake ulibadilika. Akaweka ndoo chini. "Nimeuona," akasema. "Nilimbadilisha nguo jana." Akaokota ndoo. "Lakini ukimlaza juu ya shuka la wizi, hatalala. Unamjua."

Nilimjua.

Ijumaa mke wangu alikuwa na siku mbaya. Alipewa dawa akalala mchana kutwa. Pasi na Mkamuaji walimalizia kazi kimya ili wasimwamshe, wakakunja, wakafunga furushi, wakaenda zao. Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, na hakuna mtu duniani angelifanya isipokuwa wao.

Hospitalini shuka haliondoki mezani bila alama. Kwenye kona, kwa uzi mwekundu, hushonwa herufi za hospitali na namba. Alama ndiyo hulirudisha shuka kwao. Shuka lisilo na alama limeshapotea. Wanawake wale wawili walifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini, na vidole vyao havikuuliza. Walishona alama kwenye mashuka yote, moja hadi kumi na sita. Na mimi niliona. Nililishika moja, nikaona uzi mwekundu, nikafurahi moyoni kwamba sasa limekuwa shuka kamili. Jicho langu nalo lilikuwa la hospitali.

Jumamosi mke wangu alitaka kwenda mwenyewe. Jirani alitoa gari lake la mizigo. Shemeji alibeba furushi, mimi nilimbeba mke wangu. Hakuwa mzito. Katika ukumbi nilimkalisha kwenye benchi la ukutani, nikamfunika miguu.

Palikuwa na meza ndefu na watu wengi kwenye foleni. Mmoja ana katoni ya sabuni, mwingine ana masufuria, mwingine blanketi moja tu amelikunja vizuri kama barua. Sikutegemea. Shemeji naye alinyamaza. Kisha hakuweza. "Mashuka kumi na sita," aliniambia sikioni, "kwa nchi nzima."

Mke wangu alikuwa na masikio ya dobi. "Sikusema nchi," akasema kutoka kwenye benchi. "Nimesema vitanda kumi na sita."

Zamu yetu ikafika. Karani wa makamo, mwenye miwani, akafungua furushi. Akakunjua shuka la juu, akatazama kona. Akakunjua la pili. Akavua miwani.

"Mzee," akasema taratibu, "haya umeyatoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwako kuna wodi?"

Foleni yote ikatugeukia. Mlinzi wa mlangoni akasogea. Mimi niliyefanya kazi ya boila maisha yangu yote na sikuwahi kuondoka na hata kijiti cha kuni, leo naulizwa mbele za watu kama mwizi.

"Niliwaambia," shemeji akanong'ona. "Tutafungwa kwa ajili ya wema."

Mtangazaji mmoja wa kike, yule tuliyemwona Jumapili kwenye kioo, alikuwa upande wa pili na watu wake wa kamera. Akageuka kutazama. Nilitamani sakafu ifunguke.

"Kuna nini huko?" mke wangu akauliza.

Karani alimpelekea shuka. Akalitazama. Akaona alama. Akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, nikamshika mabega.

"Pasi," akasema. "Pasi na Mkamuaji. Wale wakipelekwa kuzikwa watashonea sanda zao namba." Alijifuta macho. "Mwanangu, njoo. Shika hapa. Sasa nusa."

Karani alitazama huku na huku, kisha akainama, akanusa.

"Linanuka nini?"

"Linanuka... duka."

"Shuka la hospitali linanuka duka?"

"Hapana, mama."

"Hili halijaguswa na maji. Ningekuwa nimeliiba, ningeliiba kabla halijafika hospitali. Huo si wizi, ni uaguzi."

Watu wa karibu wakacheka. Karani naye akatabasamu, lakini akatikisa kichwa. "Nimekuamini, mama. Lakini yakifika kule na alama ya hospitali yetu, watasema tumewavua wagonjwa wetu tukawatandikia wao. Siwezi kuyapokea."

"Uko sawa," mke wangu akasema. "Hata mimi nisingeyaacha yaende hivi. Shuka lenye alama ni la kurudi. Haya hayarudi."

Ilikuwa saa tano na robo. Alama ya dobi hushonwa isitoke. Huchemshwa mamia ya mara, hupigwa ubao, haitoki. Na zilikuwa kumi na sita.

Hapa nitasema kweli, ingawa inanitia aibu. Moyo wangu ulifurahi. Nilijua hatutamaliza. Nilijiona narudi nyumbani na mashuka kumi na sita mapya, natandika moja, namlaza. Nikainama nikamwambia kwa upole, "Mama, tumejaribu. Twende nyumbani."

Aliniangalia. Alikuwa mtu wa kusoma mashuka. Uso wangu ungemshinda nini?

"Mzee wa Moto," akasema, "shika kona hii. Vuta."

Nikashika. Akachomoa pini kwenye kilemba chake, akageuza shuka upande wa nyuma, akaanza. Alama ya kwanza ilichukua muda mrefu sana. Herufi moja ikatoka. Jasho lilimtiririka. Shemeji alisimama juu yetu, mikono kiunoni, akitazama ile pini inavyokosea. Nilidhani atasema neno.

"Dada, hiyo si kazi ya pini," akasema. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa wembe wake.

Akapiga magoti pale sakafuni. Nimemwona akinyoa kwa miaka mingi. Sikuwahi kumwona hivi. Alilaza wembe juu ya uzi kama anavyonyoa kichwa cha mtoto mchanga, pumzi ameizuia, na uzi ukakatika na kitambaa hakikujua.

"Kata nyuma," mke wangu akamwelekeza. "Usivute. Nyanyua tu."

"Najua kunyoa, dada."

Alikata, na sisi tukatoa vipande. Mama mmoja wa kwenye foleni aliacha masufuria yake akaja, akachomoa pini kwenye nguo yake. Kisha mwingine. Yule mwenye blanketi moja alikuwa fundi viatu, alikuwa na msumari wake mwembamba wa kazi. Hakuna aliyewaita. Walikaa sakafuni kuzunguka benchi, kila mmoja na kona ya shuka gotini, na mke wangu katikati akisema, nyuma, nyuma, nyanyua. Hata mtangazaji alikuja. Mwenye kamera alimwuliza kama aanze kupiga picha. Mtangazaji akampa kipaza sauti amshikie, akaketi chini na kucha zake ndefu, na kucha zile zilinyanyua uzi kuliko pini zetu zote.

Nilikuwa bado nimeshika kona. Nilitazama vichwa vile vimeinama. Watu wasiojuana, wanaowatolea watu wasiowajua, na kwa sababu ya kipindi kilekile ambacho shemeji alikidharau Jumapili. Nilisahau kwamba nilitaka tushindwe.

Saa sita kasorobo alama ya kumi na sita ikatoka. Pale penye alama palibaki matundu madogo ya sindano. Karani akayaonyesha kwa kidole.

"Yatajifunga kwa maji ya kwanza," mke wangu akamwambia. "Waambie wafue kabla ya kutandika."

Karani akaandika. Kisha akamtazama mke wangu, mashavu yake, mikono yake, na nadhani ndipo alipoelewa. "Mama," akasema, "bakisha moja. Hakuna atakayeuliza."

Nilimwomba kwa macho. Sikuwahi kumwomba kitu hivyo.

Alilichukua shuka moja, akaliweka mapajani, akapitisha kiganja juu yake mara moja, kutoka upindo hadi upindo. "Nikibaki nalo nitalitazama tu," akasema. "Nitahesabu kumi na tano." Akampa.

Lori liliondoka. Hatukusubiri kuliona likipinda kona.

Watu huniuliza kama yalifika. Sijui. Hakuna barua iliyokuja, na kwenye televisheni hawakuonyesha tena mahema. Shemeji alipomuuliza dada yake itakuwaje yakiishia sokoni, alimwambia atakayeyanunua naye atayalalia, shuka halina kazi nyingine. Wengine huniuliza kama watoe, kila kipindi cha namna hiyo kinaporudi kwenye kioo. Hilo nalo sina elimu nalo. Ninachoweza ni kueleza nilichokiona pale ukumbini, na huwa naeleza.

Siku ile tulifika nyumbani saa tisa. Nilimlaza juu ya shuka letu lilelile. Nilikuwa na hasira bado, kidogo, na nilimgeuza ubavu ili asilalie mgongo. Alifumba macho.

Miezi minne hakuwa amelala zaidi ya saa moja bila kuamka na kushika tumbo. Alilala saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Hakushika tumbo. Hakukunja uso. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama, na ile hasira nikaitafuta nisiione. Nilikaa na mwanamke huyu miaka thelathini na sita. Nilijua anavyokohoa, anavyokasirika, anavyogonga. Na jioni ile nilikaa mbele yake kama mtu aliyekaribishwa nyumba kubwa, hajui aweke wapi mikono.

Jua lilipozama akafumbua macho, akaomba chai. Akainywa yote.